Mfuko Chini ya Blanketi

Baba yangu, mzee Nestory, aliwekewa mpira wa mkojo mwezi wa tatu, tezi dume ilipomziba kabisa. Daktari alisema atampasua, ila siyo akiwa na homa. Tukarudi naye nyumbani Kituntu kusubiri tarehe. Homa ikaja, tarehe ikaahirishwa. Ikaja tena, tarehe ya pili ikaenda vilevile. Mara ya tatu alianza kuweweseka, akawa anamwita mama ambaye tulishamzika, na mimi nikaanza kufikiria mbao za jeneza.

Nasema wazi: niliwalaumu wauguzi. Nilisema dawa zao ni unga wa muhogo.

Muuguzi wa zahanati yetu anaitwa Benitha, binti wa Muleba, hajafika hata miaka thelathini. Maneno hayo nilimwambia mbele ya watu. Kesho yake mchana akaja kwetu kwa miguu, akamwamkia baba shikamoo, akamchunguza, akavuta kigoda akakaa.

"Unasubiri nini?" nikamuuliza.

"Chai."

Edith, mke wangu, akacheka, akaenda jikoni.

Saa nzima Benitha alitazama tu. Mfuko wa mkojo ulining'inia ubavuni mwa kitanda, chini ya baba, bila kugusa sakafu, kama tulivyoelekezwa hospitali. Nilipotaka kuumwaga akaniambia nikanawe kwanza kwa sabuni. Nikanawa. Moyoni nikasema, huyu kakosa kosa kwenye mfuko, anatafuta la mikono.

Hapo jirani yetu Avelina akapiga hodi.

Kwetu mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja, na wageni hukaa chini, kwenye nyasi mbichi tunazotandaza. Mtu akikaa hapo, macho yake yanalingana kabisa na ule mfuko. Mkojo wa mzee utazamwe na watu? Haiwezekani. Basi nikafanya ninachofanya siku zote: nikauinua mfuko, nikaulaza tumboni kwa baba, nikaufunika blanketi.

"Hapo hapo," Benitha akasema. "Piga magoti. Funua. Tazama mpira."

Nikafunua. Mpira ule unaonyesha ndani. Mkojo mzito, kama maji yaliyooshewa mchele, ulikuwa unatembea kurudi. Polepole, kuelekea mwilini mwa baba yangu.

"Kwa siku wanakuja wageni wangapi?" akauliza, huku akiushusha mfuko.

"Saba. Jumapili zaidi."

"Wanakaa?"

"Mpaka wale."

Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tatu, na tangu hapo nahamisha pombe ya ndizi kwa mpira, kutoka kwenye mtumbwi tunamochachushia kwenda kwenye madumu. Ukiinua dumu juu, pombe inarudi ilikotoka. Naijua hiyo kuliko jina langu. Na mikono hiyohiyo ilikuwa inamrudishia baba uchafu wake mara saba kwa siku, kwa heshima kabisa. Yule binti hakuwa na mashine. Alikaa kwenye kigoda akisubiri chai, akakiona kinachomuua baba. Nilibaki nimepiga magoti pale kama niko kanisani.

Akabadilisha mpira na mfuko, akaanza kumchoma sindano. Homa ikaanza kushuka.

Jumapili wakaja wakwe kutoka Rugera, wakiongozwa na mzee Privatus, ambaye binti yake ameolewa na mdogo wangu. Waliposikika uani, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko. Baba akanidaka mkono.

"Uache."

"Baba, ni wakwe hao."

"Wakija kunizika ndio wataona kitu cha heshima? Uache."

Privatus akaingia, akakaa kwenye nyasi, akakutana na mfuko uso kwa uso.

"Unaionaje rangi yake, mkwe?" baba akauliza.

Privatus akatazama kwa muda mrefu, kama anayepewa pombe aonje. "Inafanana na ile pombe aliyotunywesha mwanao juzi," akasema. "Ila hii imechujwa vizuri."

Baba alicheka mpaka kitanda kikalia. Edith alikimbilia nje akiwa ameziba mdomo kwa kanga.

Siku kumi baadaye Benitha alipima joto: thelathini na sita na nusu, siku ya tano mfululizo. Akampigia daktari simu palepale, akapewa tarehe ya upasuaji, Jumatano. Baba akaomba koti lake la kanisani aende nalo hospitali.

Benitha alipoondoka, nikambebea mkoba wake mpaka barabarani.