Aliyesimama Ukingoni mwa Picha

Kazini walimwita Mama Nukta. Mteja akipiga simu kulalamika kwamba picha yake haionekani vizuri, swali lake la kwanza lilikuwa, "Ina nukta ngapi?" akimaanisha vidoa vidogo vya mwanga vinavyoiunda picha. Alikuwa fundi wa projekta, mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye mikono mikavu na subira nyingi. Asubuhi hiyo alikuwa juu ya ngazi katika ukumbi wa chuo cha wauguzi, bisibisi mdomoni. Chini yake alisimama shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyekuwa mkuu wa chuo hicho kwa mwaka wa kumi na moja.

"Shangazi, shika ngazi. Achana na simu."

"Hapa kazini niite Mkuu."

"Nani atatusikia? Tuko sisi wawili na viti mia mbili."

Shangazi akacheka kidogo, akashika ngazi. Kesho yake chuo kingetimiza miaka hamsini, na yeye alikuwa amepanga kuwaonyesha wageni video ya zamani: wanafunzi wa mwaka wake wakiwa wamejipanga mbele ya wodi, siku chache kabla ya kuhitimu. Mkanda wenyewe ulichakaa zamani, lakini kuna mtu alikuwa ameuhamishia kwenye flashi. Kwa miaka thelathini na moja shangazi alikuwa ameutazama mara nyingi tu, kwenye televisheni ya ofisini.

Fundi alishuka, akafunga mapazia, akawasha kompyuta. Ukutani wakatokea wasichana kumi na wanane wenye kofia nyeupe, wote wanene kama magunia.

"Yesu wangu! Nilikuwa na mashavu hivi?"

"Hukuwa nayo. Video hii ilipigwa nne kwa tatu, yaani karibu mraba. Skrini yako ni pana, kumi na sita kwa tisa. Projekta imeambiwa ijaze skrini yote, basi inaivuta picha huku na huku kama chapati." Akabonyeza rimoti. Picha ikajikusanya katikati, pembeni kukabaki mistari miwili myeusi, na wasichana wakarudi kuwa wembamba. Shangazi akajitafuta, akajiona mstari wa mbele, akatabasamu.

Fundi hakuridhika. Wale wa mbele hawakuwa na miguu, na tarehe iliyoandikwa chini ilikuwa imekatwa nusu. Akaingia tena kwenye mipangilio.

"Televisheni za zamani zilikuwa zinameza ukingo wa picha, kila upande kidogo, ili uchafu wa pembeni usionekane," alisema huku akitafuta. "Projekta hii nayo imewekwa ifiche ukingo. Kwa hiyo hata wewe, shangazi, mkanda huu hujawahi kuuona mzima. Haya, tazama."

Picha ikafunguka pande zote. Viatu vikaonekana, tarehe ikasomeka. Na upande wa kushoto kabisa, pale ambapo hapo awali palikuwa mwisho wa ukuta wa wodi, alikuwa amesimama msichana peke yake. Alivaa sare kama wenzake ila hakuwa na kofia. Upepo ulikuwa unapeperusha aproni za wale kumi na wanane. Yake ilining'inia imetulia, kama imefuliwa kwa wanga na kukaukia mwilini.

"Huyu naye mbona kajitenga?" fundi aliuliza.

Aligeuka akamwona shangazi yake ameketi kwenye kiti cha kwanza, mkono kifuani.

"Rudisha ilivyokuwa," shangazi alisema.

"Lakini sasa ndiyo iko sawa..."

"Mwanangu, nimesema rudisha."

Fundi akarudisha. Viatu vikakatika, tarehe ikakatika. Msichana alikuwa bado yupo. Ukingo wote alipokuwa amesimama ulikuwa umefichwa, lakini yeye alionekana mzima, utosi hadi unyayo, karibu na bega la yule wa mwisho mstarini.

Fundi, kama kawaida yake alipoogopa, alikimbilia kazi. Waya mbovu huweza kuleta kivuli cha picha, akajisemea, ingawa alijua kivuli cha namna hiyo hufuata picha yake na hakijitembezi. Akabadilisha waya. Msichana yupo. Akaiweka video kwenye kompyuta yake mwenyewe, akairudisha mwanzo. Yupo, na safari hii alikuwa amewapita wawili wa mwisho huo wa mstari. Alikuwa anautazama mstari wa mbele.

Akachomoa waya kabisa.

Projekta ikaonyesha rangi ya buluu tupu na maandishi madogo kwamba hakuna picha inayoingia. Juu ya ile buluu, mwembamba kama moshi kwenye kioo, msichana alikuwa amesimama. Fundi aliushika ule waya mkononi, akautazama kana kwamba utamjibu. Miaka kumi na nne katika kazi ile, hakuwahi kuona projekta ikionyesha kisichoingia.

"Huenda picha imejichora kwenye vioo vya ndani," alisema, na sauti yake mwenyewe haikumshawishi. "Ikikaa sana mahali pamoja..."

"Achana na mambo ya waya," shangazi alisema. "Mimi namjua huyo."

Alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu ambaye wanafunzi walinyooka wakisikia tu viatu vyake, lakini sasa alitembea kuelekea skrini kama mgonjwa anayejaribu miguu baada ya upasuaji.

"Tulimwita Kidoti, kwa ajili ya alama iliyokuwa shavuni mwake. Tulilala chumba kimoja. Siku moja mimi nilimpa mzee mmoja dawa mara mbili ya kipimo. Alizidiwa, nusura afe. Jina langu halikuwa kwenye daftari, kwa sababu Kidoti alikuwa ameshasaini zamu kwa jina lake, ili mimi nikapumzike mara tu baada ya kutoa dawa ile. Walipouliza, nilinyamaza. Na yeye akaniangalia, akasubiri niseme, mpaka wakamfukuza."

"Na video?"

"Siku ileile. Alikuja tusimame wote, akasema ni picha tu. Nikamwambia, 'Sogea pembeni, ukikaa hapa utatokea.' Akasogea. Nilifurahi sana nilipoitazama kwenye televisheni, nikaona hayumo. Baada ya miaka miwili nikasikia amefariki kwao, kwa homa. Hata rambirambi sikupeleka."

Alikuwa amefika mbele ya skrini. Mwanga wa buluu ulimwangukia usoni, na kivuli chake kikalala kando ya yule msichana, wakawa wawili.

"Kosa lilikuwa langu," alimwambia. "Kipimo nilikosea mimi. Nitasema kesho, na wote watasikia."

Feni ya projekta ilivuma. Fundi alipepesa macho, na skrini ikawa buluu tu na yale maandishi.

Alirudisha waya, akaondoa ule mpangilio wa kuficha ukingo, akaicheza video tena. Msichana alikuwa kushoto kabisa, mahali pake pa kwanza. Safari hii aproni yake ilipepea na zile nyingine.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Fundi alikaa nyuma na rimoti yake. Shangazi aliwasalimu wageni, akaionyesha video nzima, kisha akanyoosha kidole kwenye ule ukingo na kusema yote, bila kupunguza neno. Mwanzoni watu walidhani anatania. Kisha ikaanza minong'ono. Mjumbe mmoja wa bodi alitoka nje akibamiza mlango. Wiki iliyofuata shangazi aliandika barua mbili: moja ya kuacha kazi, nyingine ya kuomba jina la Kidoti lisafishwe kwenye kumbukumbu za chuo. Zote zilikubaliwa, ya pili baada ya miezi mitano na vikao visivyohesabika.

Mama yake Kidoti alikuwa hai bado. Alimpokea shangazi sebuleni, akamsikiliza mpaka mwisho, hata jinsi Kidoti alivyosimama pembeni kwa huzuni, na hakusema kwamba amemsamehe. Alisema tu, "Nyumba yetu iliungua. Sina picha yake hata moja. Hiyo unayosema, naweza kuiona?"

Kwa hiyo fundi alikwenda na projekta ndogo, akaifunga kwenye meza ya mama yule, akatundika shuka jeupe ukutani na kufunga madirisha. Aliweka nne kwa tatu, akahakikisha hakuna ukingo unaofichwa. Video ilikuwa ya dakika tatu. Mama aliitazama mara moja, akaomba irudiwe, ikarudiwa. Shangazi alikaa mlangoni, hakuthubutu kusogea.

"Mlisema alikuwa na huzuni," mama alisema hatimaye, bila kuondoa macho.

"Ndiyo, mama," fundi alijibu.

"Mbona anacheka?"

Fundi alikuwa ameitazama video ile zaidi ya mara hamsini, na hakuwahi kuliona jino la msichana yule. Alijisogeza mbele, akapiga magoti karibu na kiti cha mama, akatazama. Kidoti alikuwa anacheka, kichwa amekirudisha nyuma kidogo, macho ameyaelekeza nje ya picha, huku sebuleni.

"Shangazi," fundi aliita polepole. "Njoo."