Unyayo Namba Kumi na Saba

Nesta Kwaifiona alipewa ripoti ile asahihishe tahajia tu. Daktari Graeme Tilbrook, msimamizi wa tasnifu yake ya uzamili, aliitupa juu ya meza ya maabara na kusema, "Nes, nitazamie nukta na koma. Alhamisi nasimama nayo mahakamani." Kisha akaenda kutafuta kahawa yake.

Nesta alifika ukurasa wa tatu, damu ikamchemka.

Kesi ilikuwa ya Hudson Irofanua, mtu wa Malaita katika Visiwa vya Solomon kama yeye, aliyekuja Queensland, Australia, kwa mkataba wa kuvuna viazi vitamu. Msimamizi wa shamba alikutwa ghalani amevunjwa taya, na hakumwona aliyempiga. Kwenye chokaa iliyomwagika sakafuni palikuwa na unyayo mtupu mmoja, kidole gumba kimejitenga kama kimegombana na wenzake. Wiki hiyohiyo Hudson alikuwa amebishana na msimamizi. Polisi wakampima mguu, ukalingana. Sasa ni miezi tisa yuko rumande, na baba yake amezikwa kijijini bila yeye.

Na ripoti ilisema hivi: "Katika nyayo mia nne zilizopimwa na maabara hii, hakuna hata mmoja wenye pengo kama hili."

Mia nne zile alizipima Nesta. Miaka miwili alipiga magoti mbele ya wanafunzi wa chuo, akiwapaka wino, akiwapangusa vidole, akivumilia utani wao wa harufu. Karibu wote walikuwa watoto wa mjini, waliovishwa viatu kabla hawajajua kusimama. Wapi wangepata pengo hao?

Lakini kulikuwa na mguu mmoja uliokuwa nalo. Wiki ya kwanza watu walipokuwa wanaona haya, Nesta alijipaka wino yeye mwenyewe, waone kwamba unatoka kwa sabuni. Ukaingia kwenye orodha, namba kumi na saba. Graeme alipouona alicheka mpaka machozi. "Huu ni mguu au kasia?" Akaukata kwa kalamu nyekundu, na pembeni akaandika: Ondoa. Si wa kawaida. Nafasi yake ikajazwa na msichana muogeleaji kutoka Melbourne, hesabu ikabaki mia nne kamili.

Graeme aliporudi na kikombe alimkuta amesimama.

"Graeme, unyayo wangu uko wapi?"

"Upi?"

"Kumi na saba. Ulioutupa."

"Ah, ule! Ungeniharibia grafu yote. Halafu mtafiti hajipimi mwenyewe, Nes. Ni kanuni."

"Siku ile hukusema kanuni. Ulisema kasia."

"Ulikuwa utani jamani."

"Kwetu wote tuna mguu huu! Tumekua peku! Shambani pale kuna watu arobaini na sita wa kwetu, utawafunga wote?"

Graeme akaketi, akaweka mguu juu ya mguu, sauti ikawa ya upole, ule upole wa kumbembeleza mtoto aache kulia. "Una data? Hisia haziendi mahakamani. Na wewe umebakiza miezi miwili tu umalize. Ningekuwa wewe nisingejichafulia."

Nesta alitaka kumwagia kahawa ile usoni. Badala yake alifungua kabati la kumbukumbu, akachomoa karatasi namba kumi na saba, akaitia mkobani. Kwenye begi la mgongoni akatia chupa mbili za wino na bunda la karatasi, Graeme akimtazama, akatoka bila kuaga.

Jumapili baada ya ibada, Wasolomoni wa Brisbane walikuwa ukumbini wakipakua samaki wa nazi na pudini ya muhogo, Nesta naye anatandaza karatasi sakafuni.

"Mwanangu," shangazi yake Olifa akapaza sauti, "umesoma miaka yote hiyo ili uje utunuse miguu?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Weka mguu, shangazi."

"Mimi nimeuosha kwa ajili ya Bwana, sio kwa ajili ya wino wako!"

Nesta akawaeleza habari za Hudson. Kicheko kikakatika. Shangazi Olifa akaweka sahani chini, akavua viatu vyake vya kanisani, akakanyaga wino kwa hasira. "Paka mwingi," akasema. "Paka waone vizuri."

Walipimwa watu arobaini na wanne. Thelathini na watatu walikuwa na pengo lilelile, mchungaji akiwemo. Wengi wa waliolikosa walikuwa vijana waliozaliwa hapahapa Brisbane. Jumatatu asubuhi Nesta alipeleka karatasi zote kwa Bi Petrakis, wakili wa Hudson, na ile namba kumi na saba juu kabisa.

Alhamisi Graeme alipanda kizimbani na tai mpya. Bi Petrakis akamwuliza kama kuna unyayo wowote ulioondolewa katika zile mia nne.

"Mmoja," Graeme akajibu, uso mkavu. "Ulikuwa na kasoro ya wino."

Bi Petrakis akampa karatasi. "Soma maandishi mekundu, Daktari."

"'Ondoa. Si wa kawaida.'"

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Na mguu wa nani?"

Graeme akairudisha karatasi. Jaji akamwuliza tena yeye mwenyewe.

"Wa mwanafunzi wangu," akasema kwa sauti ndogo.

Jaji alikataa unyayo ule wa ghalani usitumike. Mwendesha mashtaka hakuwa na kingine cha maana, na kesho yake kesi ikafutwa.

Nesta alimngoja Hudson kwenye ngazi za mahakama, bado anatokota. Hudson alitoka amekonda, na suti na viatu vyeusi alivyoazimiwa na wakili, viatu vimemkaba miguu.

"Yule mshenzi!" Nesta akaanza kabla hata ya salamu. "Anakula kiapo na uongo mdomoni! Nitamshtaki chuoni, nitahakikisha hasimami tena katika mahakama yoyote—"

"Dada," Hudson akasema. "Hizo mia nne alizipima nani?"

"Mimi."

"Na huo aliouita si wa kawaida, ni wako?"

"Wangu."

"Ulikuwepo alipoukata?"

"Nilikuwepo."

"Ukamwambia nini?"

Nesta akaishusha sauti.

"Nilicheka," akasema. "Alicheka, na mimi nikacheka."

Hudson hakumtukana. Aliinama, akafungua kamba, akavua viatu kimoja baada ya kingine, akamkabidhi.

"Mrudishie wakili," akasema, akashuka ngazi peku.