Mabakuli Kumi na Mawili

Mume wangu anaendesha kreni kwenye yadi ya makontena, na amekaa juu huko miaka kumi na tisa. Wenzake wanamwita Mzee wa Juu. Akirudi nyumbani anakuwa mtu wa chini kama waume wengine, anauliza soksi ziko wapi huku amezikalia. Lakini sijaona mtu anayeipenda kazi yake kama yeye. Kila asubuhi anapanda ngazi za chuma themanini na mbili, anajifungia kwenye kile kibanda cha vioo, na huko, anasema, hakuna wa kumuuliza swali.

Basi siku daktari wa kampuni alipomwambia kwamba mtu mwenye presha kama yake hafai kupanda juu, alirudi akakaa mbele ya cherehani yangu bila kuvua viatu. Akanieleza kwa kifupi. Amepewa wiki nane. Presha ishuke na kilo sita ziondoke. Ikishindikana atateremshwa getini, akae kwenye kiti cha plastiki kuandika namba za malori mpaka atakapostaafu.

"Bora wanizike," akasema.

Nilimkaripia vibaya sana. Hofu na hasira zangu zinalala chumba kimoja, na siku zote hasira ndiyo inayoamka kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilimpokonya karatasi ya daktari nikaisoma kama ninavyosoma vipimo vya mteja: wali uliopikwa kikombe kimoja, maharage nusu kikombe, samaki au kuku kipande cha ukubwa wa kiganja, mboga za majani kadiri apendavyo, chumvi kidogo mno, vya kukaanga marufuku.

Nikalijua tatizo letu. Si ulafi, ingawa mume wangu si mnyonge mbele ya sahani. Tatizo letu lilikuwa saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo mimi nimezungukwa na wateja wanaodai nguo zao, yeye ameingia na njaa yake, jikoni hakuna hata maji ya moto, na mtaa wa pili kuna mtu anakaanga chipsi. Mwenye njaa hana miiko. Kila jioni tulikuwa tunaamua cha kula wakati ambao akili zote mbili zimeshafunga duka.

Mimi sikati kitambaa bila kuchora kwanza. Kwa nini napika bila kuchora? Nilichukua ile karatasi ya kaki ninayochorea ramani za nguo, nikapiga mistari kwa chaki, nikapanga wiki nzima: Jumatatu samaki, Jumanne maharage, Jumatano kuku, na kadhalika. Jumapili nikapika vyote kwa mpigo. Nikajaza mabakuli kumi na mawili yenye vifuniko, sita ya mchana na sita ya jioni, kila moja nikalibandika kikaratasi kama vile ninavyobandika kwenye nguo za wateja, nikayapanga kwenye friji. Nilirudi nyuma nikayatazama. Nakiri nilijisikia fundi kweli kweli.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili pia. Tukaenda kwenye mzani wa duka la dawa, mzani ukasema kapungua robo kilo. Wiki ya tatu, hata hiyo robo ikarudi.

Nikajua ananiibia. Nilimuuliza kwa upole, yaani upole wangu, anakula wapi. Akaapa kwamba hali popote. Nikamwambia mabakuli yangu hayadanganyi. Akasema labda mzani ndio unaodanganya. Siku tatu tuliongea kupitia redio, kila mtu akimwambia mtangazaji anachotaka mwenzake asikie.

Siku ya nne nilifunga duka mchana nikaenda hadi yadini, nikisingizia kumpelekea koti, na jua lilikuwa kali kiasi cha kunitoa jasho mpaka kwenye nyusi. Nikamkuta amekaa juu ya kreti na bakuli la Alhamisi mapajani. Pande zote wenzake wanakula chipsi, naye anawatazama kama mtoto aliyezuiwa kucheza. Msimamizi wao akanivuta pembeni akaniambia Mzee wa Juu amekuwa mtawa, juzi kulikuwa na sherehe ya mtu kustaafu akakataa hata soda. Sikumwamini. Niliondoka nikiwa na hakika kwamba wameyapanga maneno hayo kabla sijafika. Watu wa yadi hushikamana.

Jumapili iliyofuata akaja wifi yangu, dada yake mume wangu. Wifi ni mtu mwema, ila macho yake hayapumziki. Alikalia kigoda jikoni akanitazama ninavyopima. Nikachota wali, nikausawazisha kikombeni kwa kisu, nikaumimina bakulini, kisha nikaongeza kijiko kimoja kamili. Bakuli la pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. Samaki nikampima kwa kiganja, kisha nikaongeza upana wa kidole kimoja nje ya kiganja. Chumvi nikapima, kisha nikadondosha na nyingine.

"Wifi," akasema, "hicho kijiko cha mwisho ni cha nini?"

"Cha kushonea," nikamjibu.

Nilikuwa nimeshaendelea na bakuli la nne niliposikia nilichosema.

Fundi yeyote anajua. Ukikata nguo sawasawa na kipimo, nguo itambana mwenyewe. Kwa hiyo unaacha inchi ya kushonea, na kama humwamini mteja unaacha na ya kunenepea. Mkono wangu una miaka ishirini na sita ya kushika mkasi, haujawahi kukata kitu sawasawa na kipimo. Kwenye mabakuli yote kumi na mawili, kila Jumapili, ulikuwa umeacha nafasi ya kushonea tumbo la mume wangu.

Wifi alicheka mpaka akashikilia friji. "Haba na haba hujaza kibaba," akasema alipopata pumzi, "halafu unamsingizia kaka yangu wizi." Angeweza kuishia hapo. Hakuishia, akaongeza kwamba nyani haoni kundule. Nikameza, maana hakuna kitu kigumu kumeza kama wifi aliyesema kweli.

Jioni ile nilimwomba mume wangu radhi. Nilisema nimemwonea. Akaniomba nirudie, eti kelele za kreni zimemharibu masikio. Nikarudia. Akaniomba mara ya tatu. Nikamwambia kama masikio yamekufa basi hayo pia yatamfikisha getini, na tukacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Tangu hapo kikombe kikawa kikombe. Uzito ukaanza kushuka, kilo moja, kilo na nusu, kisha kilo mbili kwa wiki moja. Suruali zake nikazipunguza kiunoni mara mbili, kazi tamu kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Mtihani wangu ukabaki jioni. Mabakuli yote, friji nzima, yalikuwa yake, na mimi sikuwa na karatasi ya daktari. Nikitoka kwenye cherehani na njaa, nilikuwa navuka mtaa wa pili, nanunua chipsi na soda, narudi kuzilia nyuma ya nyumba, nimesimama, karibu na kamba ya nguo, ili asizione akatamani. Wakati mwingine mara mbili kwa siku. Nilijiambia ninamlinda. Hata nilijipongeza.

Wiki ya nane nilimsindikiza kwa daktari. Mume wangu alipanda mzani kwa madaha, kapungua kilo saba. Presha ikapimwa, imeshuka hadi mahali pake. Daktari akasaini, akampa mkono, akamwambia Jumatatu apande juu. Sijui kama niliwahi kumwona akikosa mahali pa kuweka mikono yake kwa furaha.

Muuguzi, dada mmoja mcheshi, akasema wakati muhuri unatafutwa nami nikae anipime, ni bure. Nikakaa huku nacheka. Kile kitambaa kikanibana mkono, kikaachia. Akaangalia. Akapima tena. Akahamia mkono wa pili, na safari hii hakuwa mcheshi. Akamwita daktari, daktari akaangalia, akasema namba yangu ni kubwa kuliko ile ambayo mume wangu alikuja nayo siku ya kwanza. Akaniuliza jioni huwa nakula nini.

Nilitazama dirishani. Halafu nikamwambia, mbele ya mume wangu: chipsi, soda, nyuma ya nyumba. Daktari akaniandikia vidonge, akanipa karatasi, ileile, wali kikombe kimoja. Njia nzima mume wangu aliishika karatasi yangu, akiisoma na kuirudia. Nilitegemea anicheke, nilikuwa nimeshaandaa na majibu.

Jumapili nilipoingia jikoni nikamkuta ameshatangulia. Ameinjika wali, mtu ambaye hajui chungu kinafunikwa upande gani. Karatasi ya kaki ameitandaza mezani, amechora mistari yake iliyopinda, na mabakuli yamekuwa ishirini na manne. Alikuwa anasawazisha kikombe kwa kisu, polepole, kwa umakini uleule anaoshushia kontena juu ya lori. Nikanyoosha mkono kwenye kijiko. Akaisogeza sufuria mbali nami.

Nikaanza kumwambia kwamba siumwi, ni uchovu tu, na mashine zile nazo zina mambo yake, na wateja wangu hawatangoja nikila majani. Akaniacha nikamaliza. Hakuinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Nimekaa juu miaka kumi na tisa," akasema, "sijaogopa kuanguka hata siku moja. Juzi, ulipokuwa kwenye kile kiti, niliogopa."

Nilivuta kigoda nikakaa, nikamwacha apime chakula changu.