Kafu ya Mkono wa Kulia

Jumatatu, saa nne asubuhi, fundi cherehani alikuwa akifumua zipu ya suruali ya watu aliposikia hodi ya bintiye, ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka sita. Aliijua kabla hajainua uso. Mama hasahau hodi ya mwanawe, hata kama mwana mwenyewe ameisahau nyumba.

"Karibu," alisema, akaiweka suruali kando.

Binti aliingia na mtoto wa kike wa miaka saba. Mara ya mwisho mtoto huyo alikuwa mgongoni, amelala. Sasa alitoa shikamoo yake vizuri, akasimama karibu na mlango, mkono wa kulia ameutia ndani ya mfuko wa plastiki kama aliyetumwa nyanya.

"Mashati ya dukani hayamfai," binti alisema. "Tumezunguka maduka manne. Mkono ukiingia, kafu haifungi kifundoni."

Fundi akautoa ule mkono mfukoni. Kuanzia kifundoni ulikuwa wa mtu mzima: kiganja kipana, vidole vigumu, na ukucha wa kidole cha shahada uliopasuka katikati. Fundi aliutambua mara moja. Ulikuwa wa kwake. Ukucha ule ulipasuliwa na sindano ya cherehani hii hii, mwaka ambao binti alianza kutembea.

Hakushangaa. Ukishona sare za shule miaka thelathini utapima mengi. Aliwahi kumpima mtoto mwenye miguu ya mpiganaji wa kwenye televisheni, bado inametameta mwanga wa buluu. Mama mtu alilalamika tu kwamba inamzuia mtoto kulala taa zikizimwa. Mwingine alikuja na shingo ya baba yake, mishipa imesimama, kola ya namba ya juu kabisa haikumzunguka. Kazi ya fundi ni kupima na kushona. Ya nyumbani kwa watu hayamhusu, hasa yakiwa yametoka nyumbani kwake.

"Shuleni wanasemaje?"

Binti akampa barua. Mwalimu mkuu aliandika kwamba mtoto amewapiga makofi wenzake kumi na mmoja muhula huu, na kwamba kuvaa shati lenye kafu isiyofungwa ni kinyume cha kanuni za sare. Hiyo ya kafu ndiyo iliyopigiwa mstari.

Shati la mtoto ni kazi ya saa mbili. Siku hiyo fundi alilifikisha saa tisa alasiri. Alishona kola, akaitazama, akaifumua, ingawa haikuwa na kosa lolote. Alipachika bega, akalibandua. Muda wote shati likiwa halijaisha, binti alikuwa ameketi pale kwenye kiti, anakunywa chai, anauliza habari za majirani waliokufa. Fundi hakuwa na haraka ya kubaki peke yake.

Alimlea kwa methali moja: mchelea mwana kulia hulia yeye. Basi hakuchelea. Binti alilia kama ilivyotakiwa, akakua, akaondoka. Methali haikutaja kwamba mama naye angelia vilevile, Jumapili mchana, redio ikiwa imewashwa ili jirani asisikie. Hapo fundi aliona amepunjwa.

Mtoto alichoka kukaa. Akaiendea sanamu ya kuvishia nguo iliyokuwa pembeni, akaisogeza ikabiliane naye.

"Nikisema nawe unanitazama?" aliiuliza.

Sanamu haikuwa na kichwa, kwa hiyo haikujibu. Mtoto akaipiga begani kofi la kiganja, kisha la mgongo wa mkono, halafu akainyoosha vizuri kola ya gauni iliyovaa. Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Hivyo hasa ndivyo alivyokuwa akipiga, mara mbili, halafu anamwekea mwana kola sawa, maana fundi hawezi kuvumilia kola iliyokaa upande. Na mtoto huyu hajawahi kuishi naye hata wiki.

Akamtazama binti. Mkono wa kulia wa binti ulikuwa mezani karibu na kikombe, ukucha wa kidole cha shahada umepasuka katikati. Binti hakuwahi kukalia cherehani maishani mwake.

"Mimi sikumfundisha," binti alisema.

"Hata mimi sikukufundisha."

"Basi."

"Basi," fundi alikubali.

Alimwita mtoto ajaribu shati. Alipiga magoti mbele yake, pini nne mdomoni, akabana kafu kwenye kile kifundo alichokifahamu kuliko chochote duniani. Neno alilotaka kumwambia binti lilikuwa tayari, la siku nyingi, nalo ni fupi: nisamehe. Lakini huwezi kuomba radhi na pini mdomoni. Akazichomeka moja baada ya moja kwenye kitambaa, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilipotoka, mdomo ukawa mtupu, binti akawa anamtazama, anangoja.

"Simama wima," fundi alimwambia mtoto.

Shati lilikaa vizuri mno. Kafu ilifunga bila kukaza, na mtoto aliupunga mkono hewani bila kuvuta mshono. Binti alitikisa kichwa kwa kuridhika, kwani kwa kazi mamake hakuwa na mpinzani.

"Mtarudi lini?" fundi aliuliza.

"Likianza kubana, mama. Nitamleta."

Fundi alipiga hesabu. Mkono ule ulishakua siku nyingi. Haukuwa wa kukua tena. Kafu ile isingebana mpaka amalize shule.

"Hebu lileteni," alisema. "Kifungo hakijakaa sawa."

Alikikata kifungo, akakisogeza nusu inchi ndani, akakishona upya kwa uzi wa mara mbili. Binti alikuwa amekwisha kuchukua mkoba, yuko mlangoni. Fundi alimvisha mtoto mwenyewe, akaivuta kafu mpaka ikafunga, na ngozi ya kifundo ikatuna pembeni.

"Bibi, panauma."

"Najua, mjukuu wangu," alisema fundi, akainama kukata uzi kwa meno.