Hodi Kwenye Nyumba Yetu

Dalali alitukabidhi funguo, akatupongeza, akaenda zake. Miaka kumi na mmoja ya kupanga nyumba za watu ikawa imekwisha! Mume wangu akafungua mlango, akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena, nami nimesimama nyuma yake na begi kichwani, nangoja kama mjinga.

"Baba Pacha, unamngoja nani? Nyumba si yetu?"

Tukacheka mpaka begi likaanguka. Nikavua viatu, nikampita mbio, nikazunguka sebule tupu, jikoni, chumbani, kisha nikapaza ile sauti ambayo wenye nyumba watano walinikataza kuipaza:

"Karibuuu!"

Mume wangu, bado yuko kizingitini, akavua kofia.

"Asante, mama mwenye nyumba."