Paa la Mama Domitille

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu Domitille alikuwa nacho. Chumba chake cha baridi pale mtaani Mudzipela, alimoweka samaki wa Mahagi-Port, kilikula umeme kuliko nyumba zote za barabara ile zikijumlishwa. Umeme wenyewe ulitoka kwa Sylvestre, mwenye jenereta kubwa iliyolisha mtaa kwa nyaya zilizopita juu ya mabati. Kila bei ya mazuti, yaani dizeli ya jenereta, ilipopanda, Sylvestre naye alipandisha, na Domitille akalala na hasira.

Basi akaagiza paneli za jua, paa zima, na betri zake. Fundi alimhakikishia kwamba baada ya miaka michache zitakuwa zimejilipa, kisha jua ni la bure. Nani angekataa?

Sylvestre alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama, nusu ya courant yangu njo weye unakulaka. Ukitoka, groupe itaendelea kunywa mazuti karibu ileile, na hawa wadogo njo watalipa."

Domitille alimjibu kwamba yeye hakuuzaa mtaa huo.

Bei ikapanda kwa waliobaki. Mshonaji akakata waya wake, ikapanda tena. Kinyozi akamfuata, kisha kituo cha afya. Kila aliyetoka alimwachia mwenzake mzigo mzito zaidi. Mvua hazijaisha, Sylvestre akaipakia jenereta kwenye lori, akaipeleka Mongbwalu kwa wachimba dhahabu.

Jua likizama, mtaa ulikuwa giza tupu isipokuwa kwa Domitille. Mwanzoni alijivuna, kusema kweli alijivuna sana. Halafu salamu zikapungua. Chantal, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akamwambia bila kumtazama:

"Mama Domi, nyumba yako inaonekanaka mpaka kule ku kilima. Zetu hazionekane tena."

Woga wa wezi ukamwingia. Alitaka kuwavutia jirani waya, lakini fundi akasema betri zinatosha samaki tu. Akazima taa za nje. Haikusaidia kitu, maana mtaa ulikuwa kimya sasa, na mngurumo wa chumba cha baridi ulisikika hadi barabara kuu. Kukizima ni kuoza kwa samaki, na mtaji wote ulikuwa mle ndani. Akakiacha kingurume.

Jumamosi moja, magharibi, pikipiki zilisimama langoni zikazimwa. Punde akasikia miguu juu ya bati.

Mtaani kwao, aliyevamiwa hugonga sufuria. Jirani akisikia hugonga yake, na wa pili yake, mpaka mtaa mzima unalia na wezi wanatimua mbio. Domitille alinyakua sufuria na mwiko, akagonga. Akasikiliza. Akagonga tena kwa nguvu zake zote, akamwita Chantal kwa jina.

Ng'ambo ya ukuta mlango ulifungwa taratibu, kisha akasikia komeo likisukumwa mahali pake.