Masikio ya Mujuni

Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka kwenye migomba, Ma Penina alimwogesha mjukuu wake katika karai la bluu huku akimkagua kama mtu anayechambua kahawa. Alianza na vidole vya miguu, akavikubali. Akapanda kwenye magoti, nayo akayakubali. Pua aliitambua mara moja. Ilikuwa pua ya marehemu mume wake, Ta Lwakatare, bapa na yenye kiburi. Alipofika masikioni alisimama. Masikio ya Mujuni yalikuwa makubwa, yamejitenga na kichwa na kutazama mbele, kama vishikio vya sufuria.

"Alistidia!" aliita. "Haya masikio ya nani?"

Mkwewe alikuwa jikoni anamenya ndizi. "Ya mtoto, mama."

"Najua ni ya mtoto. Kabla ya mtoto yalikuwa ya nani?"

Jibu lilikuwepo, ila walikuwa nalo watu wawili tu, Alistidia na mumewe Kashaija. Walikuwa wamekaa kwenye ndoa zaidi ya miaka kumi bila mtoto, na Nshamba nzima ilijua kosa ni la Alistidia, kwa sababu Kashaija hakuwahi kukana wala kukubali. Mwishowe walipanda basi kwenda Kampala. Nyumbani waliaga kwamba wanakwenda kutibu mgongo wa Kashaija. Daktari wa kule aliwaeleza taratibu, kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda sokoni. Mayai ya Alistidia yalikuwa yamekwisha. Kulikuwa na dada mmoja aliyekubali kutoa yake. Yangeunganishwa na mbegu za Kashaija kwenye maabara, kisha Alistidia angepandikiziwa tumboni, abebe na azae mwenyewe. Jina la huyo dada halikutajwa. Waliambiwa tu kwamba ana afya njema na anatoka huku huku upande wa ziwa. Habari za masikio hawakuuliza. Nani angeuliza masikio?

Alistidia alichomwa sindano za mapaja na za tumbo, akameza vidonge asubuhi na jioni, akatapika, akavimba miguu, akapasuliwa ili mtoto atoke. Kashaija alirudi na mgongo mzima, kwa kuwa haukuwahi kuuma.

"Hapa kwetu hakuna masikio haya," alisema Ma Penina, akimfuta mtoto mgongo. "Na kwenu Kagoma nawajua wote, masikio yenu yamelala kama ya mbuzi. Basi haya yametoka kwa mwanamume fulani. Nitamtafuta. Siku ya ubatizo nitamtaja mbele ya ukoo mzima, halafu utakunja mkeka wako urudi kwa baba yako. Lilian wa Izigo bado hajaolewa."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akampaka mtoto mafuta, akamfunga nepi vizuri kabisa.

Tangu siku hiyo Ma Penina alikuwa na kazi. Kwenye ununuzi wa kahawa alisimama kando ya mizani akiwatazama wanaume kwa ubavuni. Kanisani alihamia nyuma ya kwaya, kwa kuwa masikio huonekana vizuri zaidi kwa nyuma. Ildefons wa bodaboda alimsimamisha njiani, akamwambia avue kofia yake ya pikipiki.

"Nimekosa nini, Ma Penina?"

"Bado sijajua. Geuka."

Ildefons aligeuka. Akaruhusiwa kwenda.

Nyumbani Alistidia alimwambia mumewe, "Mweleze mama yako ukweli."

"Nitamweleza."

"Lini?"

"Akipoa."

Ma Penina hakuwa mtu wa kupoa. Ubatizo ulikuwa Jumapili, na Alistidia alikwisha kuzitenga nguo zake na za mtoto, kwa sababu hakukusudia kumwacha mtoto.

Jumanne alishindwa kufunga kitambaa cha kichwa. Kila alipokaza, kitambaa kilipanda juu na kuchomoka. Alikwenda kwenye kioo, akaona masikio yake yamekuja mbele, makubwa, kama vishikio vya sufuria. Aliyatazama upande mmoja, akayatazama upande wa pili. Maji yalikuwa yanachemka, kwa hiyo alirudi kutumbukiza ndizi.

Alhamisi Kashaija aliingia kutoka shambani, kofia ameishika mkononi.

"Na wewe?" aliuliza Alistidia.

"Na mimi."

"Yanauma?"

"Hayaumi. Ila upepo unaingia."

Kumbe yalikuwa yanawatokea wote waliokwisha kumpakata mtoto, na mtoto mchanga hupakatwa na wengi. Ma Penina yalimfika Ijumaa, akiwa gulioni katikati ya kumkagua muuza chumvi. Miwani yake, iliyokuwa ikimporomoka tangu ainunue, ilitulia usoni imara. Alijipapasa huku na huku. Akamuaga muuza chumvi kwa adabu, akarudi nyumbani kwa njia ya migombani, akaenda moja kwa moja mbele ya picha ya Ta Lwakatare ukutani. Marehemu alikuwa amekaa vile vile na suti yake, ila masikio yake nayo yalikuwa yametoka mbele, yanakaribia kugusa fremu. Ma Penina aliifuta picha kwa ncha ya kanga.

"Mzee alikuwa na masikio," alisema. "Nilisahau tu."

Siku ya ubatizo alisimama kama alivyoahidi. Alimnyanyua Mujuni na kumtaja mwenye masikio. Alikuwa Lwakatare, na kama yupo mwenye shaka, atazame. Wageni walitazamana, safu kwa safu, kama rafu za duka la vyombo, wakapiga makofi. Mchungaji, ambaye yake yalianza pale pale alipompakata mtoto ili ambatize, alijigusa sikio akaendelea na sala.

Alistidia alirudisha nguo zake kabatini. Jioni, wakiosha vyombo, alijaribu kidogo. "Na haya ya kwangu, mama?"

"Ya kwako umeambukizwa," alisema Ma Penina. "Mwanamke akikaa sana kwa watu huchukua sura ya nyumba."

Mwezi uliofuata, siku ya gulio, Alistidia alikwenda kutafuta kitenge, Mujuni akiwa mgongoni. Karibu wanawake wote wa Nshamba walikuwa na masikio hayo sasa, na wote vitambaa vilikuwa vikiwachomoka. Isipokuwa binti mmoja mgeni, aliyetandaza vitenge vyake kwenye turubai. Mtandio wake ulipita nyuma ya masikio ukakaa kimya, na hereni zilining'inia sawasawa kila moja mahali pake. Alistidia alisimama kumtazama. Yule masikio hayakumjia Jumanne. Alizaliwa nayo.

"Dada, ulijifunza wapi kufunga hivyo?"

"Nafunga hivi tangu darasa la kwanza," alisema binti. "Shuleni waliniita Sufuria. Huku kwenu nimepumzika, hakuna anayenitazama. Njoo nikufunge."

Alistidia aliinama. Vidole vya binti vilikuwa vyepesi.

"Unatoka wapi?"

"Bukoba mjini. Naitwa Shamsa. Vitenge nachukua Kampala."

"Kampala na mimi nilikwenda," alisema Alistidia. "Kwa ajili ya mgongo wa mume wangu. Tulitibiwa na mtu tusiyemjua jina."

Vidole vilisimama. Shamsa alimtazama mtoto, na mtoto akamtazama yeye.

"Mgongo ulipona?"

"Ulipona. Anaitwa Mujuni."

"Jina zuri," alisema Shamsa, akamalizia fundo.

Hapo Ma Penina alifika na kikapu chake. Alimwona Shamsa, akakiweka chini.

"We binti! Wewe ni wa kwetu!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako nani?"

"Salma. Ana mgahawa karibu na soko la Bukoba."

Ma Penina alihesabu kwa vidole. Ta Lwakatare alikuwa akipeleka kahawa Bukoba kila msimu, na kila msimu lori lilimharibikia huko akalala.

"Lile lori," alisema taratibu, "halikuwa bovu."

"Baba yangu ni Jamali, mama."

"Jamali amekulea. Vizuri sana, tutamshukuru."

"Na masikio haya ni ya mama yangu. Ndiye niliyefanana naye."

"Kaambukizwa," alisema Ma Penina, na shauri hilo likaisha. "Wewe ni dada wa Kashaija. Huyu mtoto unayemwona, shangazi yake ni wewe. Una watoto wangapi?"

"Bado, mama."

"Bado! Na umri huo? Kwenye ukoo wetu hatujapata kuwa na tasa. Usituaibishe. Na ukiolewa usiwe kama huyu mke wa kaka yako, alitukawiza mpaka tukakata tamaa."

Shamsa na Alistidia walianza kukunja vitenge, mmoja akishika ncha hii na mwingine ile, wakakikunja kimoja mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

Shamsa alipelekwa nyumbani siku hiyo hiyo. Aliwekewa kiti kizuri, akaletewa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama inavyompasa shangazi. Ndugu na majirani waliitwa. Mujuni aliwekwa kando yake ili walinganishwe, na watu wakaona paji ni lile, mdomo ni ule, hata kidole gumba cha mguu.

"Huyu ni shangazi yake mtupu," alitangaza Ma Penina. "Mama yake hakuweka kitu humo."

Shamsa alifungua mdomo. Alistidia, aliyekuwa mlangoni na sufuria, alitikisa kichwa, kwa sababu nguo zake ndiyo kwanza zimerudi kabatini. Kashaija alipata buni yenye kasoro kwenye kikapu, akawa anaichunguza.

Mujuni alianza kulia. Akapewa shangazi, akalia. Akapewa bibi, akalia zaidi. Alipitishwa paja kwa paja kuzunguka chumba kizima, na kila alipogeuzwa alikutana na masikio yake mwenyewe, akayakataa yote. Alistidia alitua sufuria, akanawa mikono, akampokea. Kilio kikakatika hapo hapo, na chumba kizima kikasikia jinsi kilivyokatika, maana kwa masikio yale hakuna lililopotea.

"Njaa tu hiyo," alisema Ma Penina, akamsogezea Shamsa kikapu cha kahawa.